Harry Thuku Alikuwa Nani? Stori ya Msee Aliyetikisa Nairobi 1922, Serikali Ikazima Chama Chake kwa Risasi

Kila siku maelfu ya watu hupita Harry Thuku Road. Wanafunzi wa UoN wakienda klasi, watalii wakishuka Norfolk, wasee wa mjengo wakikata kona kuelekea Globe. Jina la barabara wanalijua. Lakini ukiwauliza huyo Harry Thuku mwenyewe alikuwa nani, wengi hawana rada.

Sasa skiza. Huyu buda alianzisha chama akiwa na miaka kama 26. Hakikumaliza hata mwaka. Serikali ilimshika, watu walipokuja kumtetea wakamiminiwa risasi, na yeye akatupwa mbali karibu miaka tisa bila kusimama mbele ya jaji hata siku moja.

Na hapo stori haijaisha. Aliporudi, mbogi yake ya zamani ilimwona kama mtu mwingine kabisa. Mpaka leo kuna wanaomwita shujaa na kuna wanaomwita msaliti. Tuanze mwanzo.

Kijana wa Kambui aliyejua kusoma

Thuku alizaliwa 1895 huko Kambui, Kiambu. Ilikuwa mwaka uleule Waingereza walitangaza kwamba hii sehemu yetu iko chini ya ulinzi wao. Kwa hivyo tangu atoke kwa mamake, hakuwahi kuona Kenya isiyo na mabeberu.

Wamishonari wa Gospel Missionary Society walikuwa na shule hapo Kambui, na Thuku akasoma kama miaka minne. Siku hizo kusoma na kuandika Kizungu ilikuwa kama kuwa na digrii mbili leo. Akaingia Nairobi kusaka doo.

Mwanzo haukuwa mzuri. Akiwa bado mdogo alinaswa kwa kesi ya cheki feki na akafungwa miaka miwili. Alipotoka, akapata kazi kwa gazeti la masetla lililoitwa Leader, akipanga herufi za kuchapisha. Hapo ndipo alichanuka. Hebu fikiria, kijana mweusi anasoma kila wiki vile wazungu wanapanga kuchukua mashamba ya watu wake na kuwalipa kidogo, halafu yeye ndiye anapanga hizo herufi.

Mwaka wa 1918 akahamia kazi ya serikali. Akawa wa kupokea simu pale Hazina, Nairobi. Kazi safi, shati safi, mshahara wa maana kuliko wasee wengi wa rika lake. Angetaka angenyamaza na kula maisha.

Kipande shingoni, ushuru juu, mshahara chini

Lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yalikuwa moto. Maelfu ya Waafrika walikuwa wamepelekwa vitani kubebea Waingereza mizigo, wengi wakafia huko Tanganyika kwa njaa na magonjwa. Jina la Kariokor mnaloona kwa mat limetoka hapo, kwa hilo jeshi la wabeba mizigo, Carrier Corps. Waliorudi hawakupewa kitu. Wanajeshi wazungu ndio waligawiwa mashamba.

Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, lakini ilianza kuuma vizuri baada ya vita. Kila mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kama ng'ombe aliyefungwa kengele. Ukihepa kazi kwa mzungu bila yeye kutia sahihi, unasakwa kama mwizi. Ukipatikana bila kipande, ni ndani.

Ushuru nao ukapanda mpaka shilingi 16. Kabla ya hapo ilikuwa kama 10. Mwaka wa 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilikuwa pia imetuma waraka kwa maafisa wake ikiwaagiza wahimize Waafrika waende kufanyia masetla kazi, na wanawake na watoto wakiwemo. Kuhimiza hapo ni lugha tamu tu. Mashinani machifu waliwakokota wasichana na wamama mpaka kwa mashamba ya kahawa, na huko wengine walidhulumiwa kimwili.

Mwaka wa 1921 bei ya mazao ikaanguka. Masetla wakakubaliana wakate mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja. Kama ulikuwa unapata shilingi 12, sasa chukua 8 na ushukuru. Ushuru unapanda, mshahara unashuka. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la pili anaona haifiki.

Telegramu iliyomtoa kazini

Kulikuwa na chama tayari, Kikuyu Association, lakini kilikuwa cha machifu na wazee wenye mashamba. Wao waliteta pole pole, kwa heshima, kupitia kwa afisa wa wilaya. Vijana wa Nairobi wakaona huo mwendo ni wa kobe. Mwezi wa Juni 1921 Thuku na mabeste zake wakaanzisha Young Kikuyu Association, wakiiga vijana wa Uganda waliokuwa na Young Baganda Association.

Halafu wakafanya kitu ambacho kilishtua serikali kuliko jina lolote. Waliona Nairobi haina Wakikuyu peke yao. Pangani na Pumwani kulikuwa na Wakamba, Waluo, Waswahili, Waganda, Waislamu na Wakristo, na wote wanavaa kipande kilekile. Kufikia Julai jina likabadilishwa likawa East African Association. Chama cha kila mtu. Jesse Kariuki, Job Muchuchu na Abdulla Tairara walikuwa kati ya wale waliosimama na Thuku.

Thuku akaruka machifu, akaruka afisa wa wilaya, akaruka hata gavana. Alituma telegramu moja kwa moja London akilalamikia kipande, ushuru, kazi ya lazima na mishahara. Hazina ikamwambia achague, kazi au siasa. Akachagua siasa na akafutwa.

Wahindi wa Nairobi ndio walimshika mkono. Manilal Desai alimpa nafasi ya kufanyia kazi kwa ofisi yake, na A. M. Jeevanjee, yule tajiri ambaye bustani ya katikati ya tao ina jina lake, pia alikuwa upande wao. Wahindi walikuwa na vita yao na masetla kuhusu haki ya kupiga kura na kumiliki mashamba. Adui mmoja, urafiki ukaiva. Vikaratasi vya Thuku vilichapishwa kwa mashini zao na kusambazwa mpaka ocha.

Wamama walimpenda

Kitu kimoja watu husahau ni kwamba Thuku hakuongea tu mambo ya wanaume. Alisimama mbele ya umati na kusema wazi kuhusu wasichana kulazimishwa kwenda mashambani na yale waliyofanyiwa huko. Viongozi wengine walikuwa wanaona aibu kuyataja. Wamama wakaanza kumwita chifu wao, na nyimbo za kumsifu zikatembea Kiambu mpaka Murang'a.

Mapema 1922 alizunguka akifanya mikutano mikubwa. Aliwaambia watu wasikubali kufanyishwa kazi ya bure. Serikali ilidai kwamba alikuwa anawaambia pia wakusanye vipande vyao wakavimwage kwa nyumba ya gavana. Machifu wakaona anawamalizia heshima. Baadhi ya wamishonari nao wakasema huyu ni hatari. Machifu kadhaa wakaapa ushahidi dhidi yake, na hiyo ndiyo karatasi serikali ilikuwa inangojea.

Machi 14 mpaka 16, 1922

Jioni ya Machi 14 Thuku akashikwa na kufungiwa kituo cha polisi kilichokuwa pale Central ilipo leo, ng'ambo ya barabara kutoka UoN ya sasa.

Habari ilizunguka haraka. Kesho yake wafanyakazi waligoma. Wapishi, wafagizi, madereva, makarani, wote wakaweka kazi chini. Watu wakakusanyika nje ya kituo, wakasali, wakaenda, na asubuhi ya Machi 16 wakarudi wakiwa wengi zaidi. Inakadiriwa walikuwa kati ya 7,000 na 8,000. Kwa Nairobi ya wakati huo, hiyo ni kama mji mzima umesimama.

Wajumbe wakachaguliwa kwenda kuongea na Charles Bowring, mkubwa wa utawala. Waliporudi waliwaambia watu waende nyumbani, serikali itashughulikia. Wanaume wakaanza kusitasita, wengine wakageuka waende.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alisimama. Mama huyu wa Murang'a alivua aibu yote. Aliinua nguo yake juu mbele ya wanaume na kuwaambia wachukue rinda lake wampe suruali zao kama wao wanaogopa. Kwa mila ya Wakikuyu, mwanamke wa umri huo akikufanyia hivyo ni laana nzito. Hakuna tusi linalozidi hapo. Wamama wengine wakapiga vigelegele, na umati ukasukuma mbele kuelekea mlango wa kituo.

Askari wakafyatua. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Watu walipokimbia, masetla waliokuwa wamekaa kwa veranda ya Norfolk nao wakatoa bunduki zao na kuwapiga risasi wakiwa wanakimbia. Hoteli ni hiyohiyo, bado iko.

Serikali iliandika kwamba waliokufa ni 21, wanne kati yao wanawake. Waafrika waliokuwa pale walisema hiyo ni hesabu ya uongo, na makadirio mengine yalipita 100.

Chama kikauawa bila kesi

Sasa angalia vile serikali ilimaliza hiyo kitu. Thuku hakushtakiwa. Kumpeleka kortini kungempa nafasi ya kuongea, na wakili angeuliza maswali kuhusu kipande na wale wasichana wa mashamba ya kahawa. Rahisi zaidi ilikuwa kumhamisha kwa amri ya gavana. Alipakiwa akapelekwa Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado upande wa Kenya. Wenzake wawili, Waiganjo Ndotono na George Mugekenyi, pia walifukuzwa mbali na makwao.

East African Association ikapigwa marufuku. Wasee wa Nairobi waliojua kwamba chama cha makabila yote kinawezekana walikipoteza wakiwa ndio wanaanza kukizoea.

Lakini serikali haikuwa mjinga. Ilijua risasi peke yake haitoshi, kwa hivyo ilitoa kidogo na kufunga sana. Ushuru ukapunguzwa kutoka shilingi 16 mpaka 12. Kisha kutoka 1924 yakaanzishwa mabaraza ya wenyeji, kila wilaya na lake, afisa wa wilaya akiwa mwenyekiti. Ukitaka kuteta, tetea hapo, mbele yake, na mambo ya wilaya yako tu. Mluo asijue Mkikuyu anasema nini.

Nyanza ilipewa dawa nyingine. Huko Jonathan Okwiri na wenzake walikuwa wameanzisha Young Kavirondo Association mwisho wa 1921, wakilia kilio kilekile. Hawakupigwa risasi. Mwaka wa 1923 mishonari Walter Owen wa Anglikana akaingia, akawa kiongozi, na jina likageuka kuwa la chama cha ustawi wa walipa ushuru. Wanachama wakaanza kuahidi kuchimba vyoo, kulala kwa vitanda na kuua panya. Vyoo ni vizuri, hakuna anayekataa. Ila kile chama kilichouliza kwa nini mashamba yanachukuliwa kikawa kinahesabu panya.

Kwa hivyo kuna njia mbili za kuua chama. Unaweza kukifunga, au unaweza kukiacha wazi halafu ukakichagulia cha kuongea. Serikali ya Kenya ilizijua zote mbili kabla mabuda wetu wazaliwe.

Kusota kuanzia Kismayu hadi Marsabit

Thuku alikaa Kismayu mpaka Waingereza walipowapa Waitaliano ile sehemu ya Jubaland mwaka wa 1925. Akahamishwa Lamu, halafu Witu, halafu Marsabit. Kila mahali ni mbali na lugha yake, mbali na familia, mbali na mtu yeyote aliyejua stori yake. Hakuwa na tarehe ya kutoka. Mfungwa wa kawaida anaweza kuhesabu miaka. Mtu aliyehamishwa kwa amri ya gavana hana cha kuhesabu.

Huku Nairobi, wenzake hawakulala. Walikuwa wameunda Kikuyu Central Association, KCA, na waliandikia serikali wakiomba Thuku aachiliwe. Walipata jibu la hapana. Mwaka wa 1928 Jomo Kenyatta akawa katibu wa KCA, na mwaka uliofuata akatumwa London. Siasa ilikuwa inasonga na Thuku alikuwa Marsabit.

Aliachiliwa mwisho wa 1930.

Alirudi, lakini si yule

Alipokelewa kama mfalme. Mwaka wa 1932 KCA ikamchagua rais. Watu walingoja moto wa 1922 urudi.

Haukurudi. Thuku sasa alitaka mambo yafanywe pole, kwa kufuata sheria, bila kugombana na serikali. Akakosana na Jesse Kariuki na Joseph Kang'ethe, wale wale waliobeba jina lake wakati hayuko. Mwaka wa 1935 akajitoa na kuanzisha Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi utiifu kwa mfalme wa Uingereza.

Hapa ndipo watu hugawanyika. Wengine husema wazungu walimnunua. Wengine husema miaka karibu tisa ya upweke ilimvunja. Na wengine husema aliona maiti za 1922 zikiwa mzigo wake, akaapa hataongoza tena umati kuelekea kwa bunduki. Ukweli unaweza kuwa na kidogo cha kila upande. Kinachojulikana ni kwamba serikali ilimtoa mtu mmoja kwa jukwaa na kurudisha mwingine, na haikuhitaji kumuua.

Na utiifu wake ulimlinda. Mei 1940, Waingereza wakiwa vitani na Hitler, walitumia hiyo nafasi kupiga marufuku KCA, Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Viongozi zaidi ya 20 wakafungiwa Kapenguria, miaka 12 kabla ya Kenyatta na wenzake watano kupelekwa hukohuko. Chama cha Thuku hakikuguswa.

Oktoba 1944 alipata nafasi ya mwisho. Eliud Mathu alikuwa ameteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kwa Baraza la Kutunga Sheria, na chama kipya cha nchi nzima kikaundwa kumsaidia. Ni Kenya African Union, KAU, na Thuku ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwanza. Serikali ikasukuma jina libadilishwe liongezewe neno la masomo, ili kionekane kama klabu ya kusoma. Wakakubali kwa muda. Thuku mwenyewe alijiuzulu baada ya miezi michache tu. James Gichuru akachukua, halafu 1947 akaja Kenyatta.

Vita vya Mau Mau vilipoanza, Thuku aliongea kwa redio Desemba 1952 akiwakemea wapiganaji. Kwa familia nyingi zilizokuwa na vijana msituni, hapo ndipo jina lake lilizama. Juni 1953 KAU nayo ikapigwa marufuku. Ukifuta chama cha mdomo, watu hutafuta njia nyingine, na msitu ulikuwa tayari umejaa.

Kahawa, kitabu na kaburi

Thuku alirudi Kiambu akawa mkulima mkubwa wa kahawa. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia kwa bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Hesabu hiyo ni ya ajabu kidogo. Alianza kwa kutetea wasichana waliolazimishwa kuchuma kahawa ya wazungu, na akamaliza akikaa meza moja na wenye kahawa.

Aliona uhuru 1963. Aliona pia serikali ya Waafrika ikipiga marufuku chama cha upinzani cha KPU mwezi wa Oktoba 1969, kwa sheria zilizofanana sana na zile zilizotumiwa na mabeberu. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa 1970, na Juni 14 mwaka huohuo akafariki akiwa na miaka 75.

Kwa nini hii stori bado inauma

Kwa sababu ile kalamu haikuzikwa naye. Sheria ya kusajili na kufuta vyama ilibaki baada ya bendera kubadilishwa. Mwaka wa 1980 muungano wa walimu wa vyuo vikuu ulipigwa marufuku. Mwaka wa 1990 mashirika yasiyo ya serikali yalitungiwa sheria yao ya kuyachunga. Ile ya kuyapa nafasi ya kupumua, ya mashirika ya manufaa ya umma, ilitiwa sahihi Januari 2013 lakini ikakaa kwa kabati mpaka Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Miaka 11 kungoja siku ya kuanza.

Na mwezi mmoja tu baadaye, Juni 2024, vijana walijaa tao wakiteta kuhusu ushuru. Hawakuwa na chama wala ofisi ya kufungwa. Wengine walipita karibu na Central, kwa njia ileile ya wasee wa 1922. Na kwa mara nyingine kukawa na watu ambao hawakurudi nyumbani.

Thuku ana barabara. Nyanjiru, ambaye alikufa akiwa mbele ya umati uliokuja kwa ajili yake, hana nafasi kama hiyo kwa ramani ya tao. Wale wengine waliokufa siku hiyo, wengi wetu hatuwajui hata majina.

Wewe unaonaje? Thuku alivunjwa, alinunuliwa, ama alichoka tu? Na ungekuwa wewe, karibu miaka tisa mbali na nyumbani bila kesi, ungerudi ukiwa yule yule?